Banda Chini ya Dirisha la Stoyna

Sogeeni, wanangu, wewe Dobri na wewe Nevena, na huo mto mniinulie... hapana, uacheni, nilivyolala ndivyo nilivyolala. Mizabibu mlishagawana kwa amani na nyumba nimeiandikisha kwa majina yenu nyote wawili, lakini jana niliwasikia uani mkigombana juu ya jogoo, na tangu hapo nageuka huku na huku kama samaki kikaangoni.

"Achinjwe," ulisema, Nevena, "kuku sita wanataga bila yeye, na mimi kutoka Plovdiv nitakuwa nikija Jumamosi tu." Nawe Dobri ukamcheka dada yako: "Nyie wa mjini mnadhani vifaranga wanatotolewa kwenye friji! Na kipanga akishuka, nani atapiga ukelele, wewe?" Nyote mmesema kweli, ndiyo maana siwezi kuwaamulia kabla sijawaeleza nililowaficha.

Mincho wa jirani, mume wa Stoyna, alipougua moyo miaka kumi na mmoja iliyopita, usingizi ulikuwa ukimjia alfajiri tu, na saa hiyo hiyo jogoo wetu, baba yake huyu, alikuwa akipanda juu ya banda la kuku, chini kabisa ya dirisha la mgonjwa, akiwika mpaka jua litoke. Stoyna akaja na aproni yake, mikono ina unga, akaniomba: "Velika, dada yangu, mwondoe, mtu wangu apate kupumzika." Nami, kwa kuwa tulikuwa tumekosana juu ya tawi la mti wao wa jozi lililoinamia kwetu, nikamjibu mbele ya watu waliokuwa wakipita: "Jogoo wangu aliwika kabla mumeo hajaugua. Mwambie azibe masikio."

Mincho alikufa kabla ya Pasaka. Daktari alisema ni moyo, wala hakuna aliyemtaja jogoo; Stoyna mwenyewe akakaa miaka yote hiyo bila kunisemesha, tukipishana mlangoni mwa kanisa kila mtu na mshumaa wake. Majuto ni mjukuu, wanangu, na mjukuu huyo nimembeba mgongoni peke yangu.

Juzi mlimwona Stoyna akiingia na bakuli la mtindi. Alinilisha vijiko vitatu, nikamwambia, "Stoyna, leo hii nitamchinjisha jogoo, nikuletee supu."

Akaweka kijiko chini. "Usinilipe Mincho kwa nyama ya kuku, Velika."

"Basi nifanye nini?"

"Hata siku ile sikukwambia umchinje. Nilikuomba umwondoe pale dirishani."

Mnasikia? Banda lenyewe mbao kumi na misumari. Kazi ya nusu siku, na uwanja wote ule upande wa barabara ulikuwa mtupu. Nusu siku, wanangu!

Basi jogoo abaki. Dobri, ling'oe banda leo, ulisimamishe kule kwenye miplamu, mbali na dirisha lake, na tundu la mashariki ulizibe kwa gunia, asione mwanga mapema. Nevena, usimwachie kakako kazi kisha ukamlaumu; shika misumari. Vifaranga wa kwanza mpelekeeni Stoyna. Akiwakataa, rudini nao bila kununa. Na siku akisema bado anasumbuliwa na kuwika kwake, msibishane naye, msilete habari za vifaranga wala kipanga. Mtoeni jogoo siku hiyo hiyo.

Mungu na Mama Mtakatifu wawape... wawape majirani wasioogopa kuwaomba, na nyinyi wawape masikio ya kusikia mara ya kwanza. Msigawanyike. Ninawabariki, wewe na wewe, na watoto wenu, na... maji, hapana, baadaye.

Dobri, bado umesimama? Nyundo iko... iko nyuma ya mlango wa ghala. Nevena, kaa nami. La, nenda nawe, mshikilie mbao. Fungueni dirisha kwanza. Nataka kusikia mkigonga.