Dawa Isiyoazimwa

Mgeni rasmi, Daktari Khavere, karibu Baba Dogo. Majirani mliokaa kule nyuma, karibuni pia, hata kama hamkutaka kukaa karibu nasi. Mimi ni Kalekye, mama yake Kavata. Nasoma kwa niaba ya wenzangu wenye vidonda sugu.

TULIKOTOKA
Mwaka wa 1986 Kavata alimwagikiwa uji wa moto mguuni. Kidonda kikakataa kupona, hadi mwaka jana, 1988, kliniki hii ilipomtoa damu, ikaizungusha kwa mashine, ikatoa zile chembe zinazogandisha damu mtu akijikata, ikatutengenezea dawa ya kupaka. Ulituonya, Daktari: ya Kavata ni ya Kavata pekee. Tukaiweka kwa friji ya soda, dukani kwa jirani yetu Salad.

MAFANIKIO
Kidonda kilichokuwa kama kiganja sasa ni kama ukucha. Amerudi shule.

SHIDA
Mgeni rasmi, kwa ploti yetu tunaombana chumvi, makaa, hata viatu vya kanisani. Basi Lydiah wa mlango wa pili akaja kumwombea dawa mumewe Dedan, aliyekatwa mguuni na bati kazini.

"Kidogo tu, mama Kavata. Ya kupaka mara moja."

"Lydiah, hii ni damu ya mtoto."

"Ehe! Siku hizi damu yenu imekuwa dhahabu?"

Mwenzetu wa kikundi, Muasya, akamhurumia, akampa dawa yake. Hakujua damu yake ina ugonjwa wa ini. Baadaye Dedan akawa na macho ya manjano, akalazwa, na bado hajatoka. Sasa ploti nzima inasema dawa ni sumu. Muasya amehama bila kuaga. Salad ameturudishia chupa ya dawa, ati wateja hawataki soda iliyokaa na damu. Wenzetu wameacha kuja mmoja mmoja. Hiyo "sisi" ninayoisoma hapa ni mimi na Kavata.

Mimi siombwi chumvi tena. Inaganda kwa mkebe.

ONYO
Akina mama, dawa si mbaya. Ubaya ni kupaka ya mwingine. Ukiombwa, nyima, hata ukitukanwa.

OMBI
Tunaomba friji ndogo hapa kliniki, dawa ya Kavata isiharibike kabla hajapona. Halafu, Daktari, usiingie kwa gari kwanza. Tupitie kwa Lydiah. Mimi hanifungulii, wewe atakufungulia. Mwambie kwa mdomo wako kwa nini nilimnyima. Nitakuwa nyuma yako, nimebeba chumvi.

Mungu akufikishe salama, amwinue Dedan, na amrudishe Muasya kwetu.

Ni sisi,
Kikundi cha Wenye Vidonda Sugu, Baba Dogo.