Kura ya Watu wa Ng'ambo

Kitu cha kwanza binti alichokiona alipopanda basi ni kope za fundi lipu. Zilikuwa nyeupe kwa saruji, na kila akipepesa macho vumbi lilimwangukia shavuni. Basi zima lilikuwa linachemka kwa habari ya kura ya kesho, lakini fundi ndiye aliyewashinda wote kwa sauti.

"Wanajeshi wa kigeni wafungashe virago! Demokrasia hailetwi na kifaru."

Mkunga aliyeketi mbele yake akageuka mzimamzima. "Ulitaka iletwe na baiskeli? Kabla hawajaja, baba, nilikuwa nazalisha watu chini ya vitanda, risasi zinapita dirishani!"

"Na bomu lao likaangusha ukuta wangu, mama! Nimeupiga lipu mara mbili."

"Si wamekupa kazi? Washukuru!"

Abiria wakaangua kicheko, na fundi naye akacheka bila kupenda. "Haya, wabaki. Ila wale wa ng'ambo ya daraja, waliotupiga, wasiguse sanduku la kura!"

"Hapo sasa," akasema mkunga, "tuko pamoja."

Binti akainua uso. Yeye hata kumwomba dereva amshushe hunong'ona. Na mtaani kwao kila mtu alijua kaka yake alikufa vitani, maana mama yake ndiye aliyewaambia hivyo.

Basi likafunga breki kwenye kituo cha daraja, injini ikazimwa, na sauti ya binti ikafika hadi viti vya nyuma.

"Kaka yangu yuko ng'ambo. Alibeba bunduki yao. Yu hai, na kesho nitapanga foleni pamoja naye."