Fundi Kidole na Kopo la Gundi

Mpendwa wetu, ambaye wengi mlimwita Fundi Kidole, alizaliwa Jumanne, tarehe 12 Machi 1957, mtoto wa pili wa mlinzi wa shule na mshona nguo. Alisoma shule ya msingi miaka saba, akatoka na mwandiko mzuri kuliko wa walimu wake. Hata saizi ya kiatu aliiandika kama anaandika barua ya posa.

Mwaka 1974 alianza kushona viatu, na hakuwahi kuhama kibanda chake kando ya kituo cha mabasi. Jina la Kidole lilitokana na kazi yenyewe: hakumkabidhi mteja kiatu kabla ya kuingiza kidole ndani na kupapasa kila msumari.

Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa kanisani. Mkewe alikuja na vijiko sita vya chai, zawadi ya shangazi yake. Mungu akawajalia watoto wanne.

Mei 2012 aligundulika ana kisukari. Mkewe hakutaka anywe chai isiyo na sukari peke yake, akaiondoa sukari nyumbani kabisa. Watoto walinuna, wageni wakapungua. Marehemu alimsifu: "Mke wangu, sasa ndiyo naijua ladha ya chai yenyewe." Mwaka huo huo kijiko kimoja kilipotea. Mkewe alimshuku wifi yake, na tangu hapo wakasalimiana kwa shida. Marehemu aliwasikiliza wote wawili kwa upole, kisha akaenda kibandani.

Mwaka jana mteja alirudi na soksi yenye damu. Msumari ulikuwa umechomoza kiatuni, na kidole cha fundi kilikuwa kimepita juu yake bila kuhisi. Marehemu hakugusa kazi siku hiyo. Alipohimizwa kwenda kliniki alisema ameshakwenda. Hakuwa amekwenda.

Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024, alirudi mapema, jasho linamtoka. Alipoulizwa kuhusu kifua alijibu, "Hakuna panapouma." Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyomponza. Hospitalini daktari alieleza kwamba sukari iliyokaa juu miaka mingi ilikuwa imebana mishipa yote mitatu mikubwa inayolisha moyo. Tena ilikuwa imeharibu neva, ndiyo maana moyo uliumia bila kumpa taarifa.

"Lakini nyumbani hatuna sukari," mkewe alisema.

"Mama, alikuwa anaipata mahali," daktari alijibu.

Alifariki Alhamisi, tarehe 6, saa nne asubuhi.

Ijumaa mkewe na wifi yake walikwenda kufunga kibanda. Nyuma ya soli walikuta kopo kuukuu la gundi, limeoshwa likatakata, limejaa sukari, na ndani yake kijiko cha sita.

Mkewe aliketi kwenye stuli ya marehemu. "Miaka kumi na miwili," alisema. "Na mimi nakunywa naye, namwonea huruma."

Wifi yake alikifuta kijiko kwa upindo wa nguo. "Kwa hiyo wifi, kazi ya wizi nimeachishwa?"

Walicheka kwanza, kilio kikafuata.

Baadhi yetu tulitaka habari hii isisomwe. Mkewe akakataa. "Someni na la kopo. Huenda hapa yupo mwenye lake."

Ameacha mjane, dada mmoja, watoto wanne na wajukuu saba. Mjane anaomba asihimizwe kusamehe leo. Mungu atangulie kumsamehe. Yeye atafuata nyuma. Apumzike kwa amani.