Lori la Mtu Mmoja

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali, na kila siku linabeba wajuzi wasiojua kitu. Mimi ndiye Mama Birika. Kazi yangu ni kumimina kahawa na kunyamaza, ingawa hilo la pili linanishinda. Injinia anauza mayai, na spana hajawahi kuishika. Kinyozi ana kibanda chake hapo nyuma, na wateja wakikosekana anakuja kutunyoa sisi kwa maneno. Leo mada ni lori la Mzee Breki, lile kuukuu lenye pua ndefu, ambalo limelala gereji ng'ambo ya barabara mwezi mzima likitiwa injini kubwa na gia ya otomatiki. Lori hilo lilikuwa likiendeshwa na watu wawili. Mkono wa kushoto wa mzee ulipondeka zamani gari lilipoteleza kwenye jeki, hauwezi kushika mkono wa gia. Basi yeye alikanyaga klachi na kutaja namba, "Mbili!", na mkewe aliyekaa kando yake akaitia. Mtaa ukambatiza Mama Gia. Wakinuniana hatukuhitaji kuambiwa: mama alikunja mikono, na lori likapanda kilima kwa gia moja mpaka juu, likilia na kufuka moshi. Mama Gia tulimzika kabla ya mvua. Tangu siku hiyo lori halikusogea, mpaka lilipovutwa kuja gereji.

Injinia: Silinda sita si mchezo, jamani. Mzee anataka kubeba mawe.

Kinyozi: Mawe gani, na mgongo ule?

Injinia: Kidole kimoja hakivunji chawa. Ndiyo maana kaongeza silinda.

Kinyozi: Silinda na chawa wapi na wapi? Nisikilize mimi. Mzee anaoa.

Mimi: Toba!

Kinyozi: Anaoa, tena kigoli. Mke mpya hajui gia, kwa hiyo gia imeondolewa. Si wanasema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu?

Injinia: Hiyo methali imeingiaje hapa?

Kinyozi: Otomatiki haitaki guu la kushoto. Hata likivunjika, hasara ya nani?

Injinia: Huna lolote. Haya ni mashindano. Atalipaka lori rangi nyekundu, akimbizane na vijana, awaache kwenye vumbi, apewe kombe kubwa kama beseni.

Kinyozi: Kombe atalinywea nini?

Injinia: Kahawa ya Mama Birika, siku akiacha kuijaza maji.

Mimi: Nikiacha maji, baba, utatafuna unga.

Tukacheka, tena tukacheka kupita kichekesho chenyewe. Siku hizi ndivyo tunavyocheka kila lori lile likitajwa, ili asitajwe yule aliyekuwa akikaa kushoto. Siku ya mazishi tulimpa mzee pole, kisha kila mtu akarudi kwenye kikombe chake.

Spana, fundi wa gereji, akavuka barabara akijifuta mikono kwa tambara.

Kinyozi: Fundi, tumwagie siri. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na wewe umelala uvunguni mwa lori mwezi mzima.

Spana: Siri haipo. Mzee hakutaka injini kubwa.

Injinia: Hakutaka?

Spana: Alitaka gia tu. Gia boksi ya otomatiki ikakataa kushikana na injini ya zamani, ikabidi ije na injini yake. Hapo ndipo kazi ilipozaa kazi. Nikakata chuma cha mbele, nikafupisha propela inayozungusha magurudumu ya nyuma, nikatafuta rejeta nyingine. Nikamwambia, "Mzee, litakuwa na nguvu kuliko unavyohitaji." Akanijibu, "Nguvu sina haja nayo, mwanangu. Nipe lori lisiloomba mtu wa pili."



Injinia: Na ule mkono wa gia wa zamani? Chuma kile kingefaa kwa...

Spana: Kauchukua mwenyewe. Nilitaka kuutupa kwenye vyuma chakavu, akavua koti, akauviringisha, akaenda nao nyumbani.

Nyumba yenyewe naipita kila asubuhi. Viti vyao viwili bado viko barazani, na mzee anakaa kwenye kile chake tu, kama aliyeambiwa mwenzake anarudi sasa hivi. Nikajitia kupuliza mkaa.

Hapo akafika mwuguzi aliyehamia mtaani juzi, sare mwilini, viatu mkononi kwa uchovu. Akatusalimu, tukasogea akakaa. Nikammiminia kikombe. Kabla hajakinywa, lori likatoka gereji.

Lilitoka polepole. Mzee Breki alikuwa amevaa shati la pasi, macho mbele, mkono wake mbovu pajani. Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu na kimepanguswa. Alipotupita, Spana alinyanyua mkono, lakini mzee hakugeuka. Kilima kinaanzia pale pale baada ya benchi, na dirisha lilikuwa wazi, tukamsikia vizuri.

— Mbili!

Lori lilikuwa limekwisha kubadili lenyewe, kimya kimya. Mzee akangoja kidogo.

— Tatu, mama!

Mwuguzi akashusha kikombe.

Mwuguzi: Samahani, ndugu zangu. Yule baba yuko peke yake mle ndani. Anasema na nani?

Injinia akainamia kikombe chake. Kinyozi akaanza kukung'uta aproni iliyokuwa safi. Nikanyanyua birika nimwongeze mgeni, angalau tupate la kufanya, nikalikuta tupu.

Lori lilipanda laini mpaka juu. Halikulia, wala halikufuka moshi. Mle ndani hamkuwa na mtu wa kumnunia mzee.