Mboga za Kwaresima na Dozi za Evdoxia

Ndugu waombolezaji, naomba tusikilizane taratibu, maana marehemu hakupenda mambo ya haraka.

Shangazi yetu Evdoxia alizaliwa tarehe 12 Machi 1944 kijijini Rodochori, mwaka ambao theluji, kama alivyopenda kusimulia macho yakiwa yamefumbwa nusu, iligoma kuyeyuka, akasoma hapahapa, kisha uuguzi Thesaloniki hadi 1965, akarudi kufanya kazi katika zahanati ya bondeni, na tarehe 6 Oktoba 1968 akafunga ndoa na Stergios, fundi seremala, wakajaliwa Lefteris na Despo.

Mwaka 1979 Stergios aliwekewa vali ya chuma moyoni, akaanza kumeza vidonge vya kuzuia damu isigande. Kwaresima ya 1986 shangazi alimpikia mboga za mwituni kila siku, kama tunavyofanya sote, bila kujua kwamba majani yale huipunguzia nguvu dawa ile, na tarehe 9 Aprili damu ikaganda, kiharusi kikamnyang'anya mumewe maneno. Jamani, yule mama aliumia. Alijiona amemlisha ugonjwa kwa kijiko chake mwenyewe.

Tangu hapo kila mgonjwa wa vidonge vile aliulizwa kwanza, "Kwenu mmepika nini wiki hii?", naye shangazi, akitazama nje kama anayesikiliza mvua ya mbali, alitaja kabla ya kipimo cha damu nani atahitaji dozi kubwa zaidi, na daktari wa zahanati, aliyekuwa akimwita mpiga ramli wa mboga, alipolinganisha vipimo vya Kwaresima tatu aliacha kucheka. Pasaka ikipita, nyama zikirudi mezani, aliwapunguzia dozi.

Ila nyumbani kwake mboga zile hazikupikwa tena, miaka thelathini na mitatu.

Januari mwaka huu aliugua mapafu, akafariki tarehe 21 Machi 2019, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe. Jana Mzee Stergios, ambaye maneno yake ya mwaka mzima yanahesabika, alileta kitambaa kilichojaa mboga alizochuma mwenyewe mteremkoni, akaziweka kifuani pa mkewe, akasema, "Nilikula kwa kupenda, Evdoxia. Zilikuwa tamu."

Tunawashukuru madaktari, majirani, na wauguzi wenzake waliokesha naye. Baada ya maziko mboga za aina hiyo zitakuwa mezani, na ninyi mnaomeza vidonge vile, mwambieni muuguzi mmekula kiasi gani.

Pumzika kwa amani, shangazi, tutaulizana.