Maneno Kumi na Mawili ya Marehemu

Kwenye treni, mama mshonaji alikunjua karatasi yenye maneno kumi na mawili. Fundi simu aliyeketi kando yake hakuulizwa kitu, ila mdomo ulimwasha.

“Mama, hayo maneno si ndiyo ufunguo wa pochi ya sarafu za mtandaoni? Mtu akiyapiga picha, imekula kwako! Yachonge kwenye bati, ulifiche, karatasi uichome moto.”

“Nichome mwandiko wa marehemu mume wangu?”

“Wataiba hela zote!”

“Hela nilishazihamisha zamani, mwanangu. Pochi ni tupu.”

Fundi akaichungulia tena karatasi. “Sasa unaitunzia nini?”

Treni ikasimama. Mama akaikunja karatasi, akaitia kifuani. “Miaka thelathini ya ndoa, hakuniandikia barua hata moja. Nina hii tu.”