Nani Ataketi Kando ya Gharib?

Baraza yetu iko pwani, pale ukuta wa ghala bovu unapokata kona kuelekea upande wa Shela. Kivuli chake ni cha asubuhi tu, kwa hiyo wavivu wote wa Amu, yaani Lamu, hukutana hapo mapema, kabla jua halijawafukuza. Mwenye kahawa ni Amini, na dele lake la shaba, na kashata zake za njugu, na tabia yake ya kutomtambua mtu mpaka anywe kikombe cha pili. Jeilani hukaa ncha ya baraza. Tunamwita Kalafati, maana kazi yake ni kuziba mashua kwa pamba na mafuta ya papa. Ridhwani huchukua nafasi ya watu wawili. Tunamwita Stima, kwa kuwa ujanani alichochea makaa melini, na meli ile bado inasafiri mdomoni mwake hadi leo. Mimi hujibana katikati. Asubuhi hiyo, mwaka wa tatu tangu Uhuru, hakuna aliyezungumza siasa wala bei ya nazi. Gari la Gharib lilikuwa liende Shela.

Msiojua, nitawaambia. Gari lenyewe ni Ostini kuukuu, ya kabla ya vita vya Hitla. Mpima ardhi mmoja wa Kizungu aliondoka akaliacha ufukweni likiliwa na chumvi. Gharib alikuwa fundi mashine wa motaboti maisha yake yote, na siku aliyostaafu alilisukuma hadi ndani ya banda la makuti hapo nyuma ya ukuta wetu, akaanza kulitibu. Miaka mitatu sasa. Redieta iliyotoboka ameiziba kwa shaba ya birika. Mlango ulioliwa na kutu ametia wa mbao, wenye nakshi kama mlango wa nyumba ya watu wenye nasaba. Sakafu ilipooza, Kalafati aliichonga upya kwa mbao za mashua akaikalafati, kisha akalijaza gari maji hadi kwenye usukani ili aone kama linavuja. Halikuvuja hata tone. Tulishinda siku mbili tukiyafua maji kwa vikopo.

Sasa, Amu hatuna barabara. Vichochoro vyetu punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hurudi kinyumenyume. Lakini siku za bamvua, maji yakipwa sana, ufuo wa kwenda Shela huwa mpana na mgumu, na gari dogo linaweza kupita. Kwa hiyo sisi gari letu lilifuata mwezi. Tulikuwa tunangoja maji yatoke, na Gharib alikuwa ametutimua bandani kwa mara ya kwanza, maana Stima alishatia alama ya kidole gumba kwenye rangi mbichi.

Gharib akaja akijifuta mikono kwa kitambaa, akakaa.

Gharib: Mai yatapwa kabla ya adhuhuri. Nawaambia mapema, kiti ni kimoya. Nyuma nimetia debe la petroli na tairi ya akiba. Mtu moya tu ndiye atakayeketi kando yangu.

Stima: Na wengine tungoje safari ya pili.

Gharib: Hakuna ya pili. Safari ni hini hini. Likirudi, naitoa mashini. Kuna mtu wa Ndau aitaka, aitie mashuani mwake.

Amini alikuwa anamimina kahawa. Aliendelea kumimina hadi kikombe kikafurika na kidole changu kikaungua.

Kalafati: Yakhe Gharib, wasema na akili zako?

Gharib: Ninazo zote. Hadia halitaki gari hili. Miaka mitatu hajatia mguu bandani, hata siku moya. Nikitaja plagi, hunyamaza. Nikitaja breki, huinuka akenda jikoni. Yana nimemwambia, kesho naenda Shela. Kanambia, "Haya." Basi. Ile ni nyumba ya watu wawili, na mimi sitaki iwe na wa tatu alosimama bandani. Nalipenda gari, msidhani silipendi. Lakini niliyemuoa ni Hadia.

Niliumia, nisifiche. Miaka mitatu asubuhi zetu na jioni zetu zilikuwa mle bandani, na tulimpenda Gharib kuliko tulivyowahi kumwambia. Lakini mtu aliyefiwa na gari hupewa rambirambi gani? Hakuna aliyejua. Kwa hiyo tukafanya tunachokijua, tukabishana.

Kalafati: Basi kiti ni changu. Nani alolala chini ya gari lile na mafuta yakimtonea matoni? Asokuwapo na lake halipo.

Amini: Na mimi sikuwapo? Shaba ilo kwenye redieta ni birika langu la kwanza, alonipa marehemu baba. Gari lile likichemka, ni mimi nachemka. Kisha nyinyi mwalisifu mno. Mgema akisifiwa tembo hulitia mai, ndiyo maana redieta ilivuja.

Mimi: Hata kirungu cha gia ni mpini wa mwavuli wangu. Mwaka mzima natembea nikinyeshewa kwa ajili ya gari hili.

Stima: Nyote mwasema kwa mapenzi, mimi nasema kwa elimu. Chombo kikitoka bila farumi hupinduka. Gari lile ni jepesi, Gharib mwenyewe ni mwembamba, na upepo leo watoka upande wa bahari. Pale kushoto pataka uzito. Sasa niangalieni.

Tukamwangalia. Uzito ulikuwapo.

Kalafati: Likizama magurudumu kwenye mtanga kwa uzito wako, je?

Stima: Mtanga wa Shela hauzamishi. Hutembea kama mawimbi, ila mato ya watu wa kawaida hayauoni. Melini tulifundishwa. Gari likipanda wimbi la mtanga, farumi huegemea huku. Likishuka, farumi huegemea kule. Haba na haba hujaza kibaba.

Amini: Kibaba kinaingiaje hapo?

Stima: Kitaingia tukifika.

Kalafati: Hata mai yakitukuta ndiani, mimi siogopi. Sakafu nimeiziba kwa mkono wangu. Litaelea. Tutie mlingoti mdogo pale penye taa, na shuka moya ya Bi Hadia, tuko Manda kabla ya alasiri.

Amini: Mukifika Manda, kwa nini musimame? Redieta ile ni ya shaba, haiogopi mai ya chumvi.

Stima: Manda ni karibu mno. Magurudumu yakitiwa vibao, kila moya huwa pangaboi. Mukishika nde ya miamba, bahari wazi, Kiwayu mwalala. Na Kiwayu ukishafika, haraka haraka haina baraka, waweza kwenda popote.

Kwa hesabu yangu gari lilikuwa limeshapita Kiwayu, limekunja kona, na Stima anachochea makaa ndani yake. Nalo bado lilikuwa bandani na rangi haijakauka vizuri. Gharib hakucheka. Alikuwa ameshika kikombe kitupu, anatazama maji yanavyoacha mawe ya gati moja baada ya jingine.

Gharib: Amuani, ni nani. Mai hayangoji mtu.

Amini: Tupige kura. Nitatia buni nne mkononi, moya nimeiuma. Atakayeipata ndiye.

Stima: Wewe ndiye uloiuma, utaijua kwa kidole.

Hapo ndipo alipotokea Phineas, mwalimu mgeni kutoka bara, aliyeletwa skuli mwanzo wa muhula. Kijana wa adabu, ila huvaa viatu vya kamba hata siku ya Jumamosi, na mchanga humwonea. Alikuwa ametoka sokoni na samaki ndani ya kikapu cha ukindu.

Amini: Mgeni ndoo, mwenyeji apone. Kahawa, mwalimu?

Phineas: Asante, mzee. Hamjambo wazee wangu? Nimewasikia mkibishana toka mbali. Ninaomba kuuliza kitu kidogo. Mimi bado ni mgeni, sipendi kukosea watu.

Stima: Uliza, mwanangu. Penye wazee haliharibiki neno.

Phineas: Pale kwa banda la gari kuna mama ameketi. Nilimpita nikienda soko, na sasa nikirudi bado yuko. Amevaa buibui mpya, na udi unanukia mpaka njiani. Amejiwekea kigoda kando ya ule mlango wa nakshi wa gari, na ana kikapu magotini kimefunikwa na kitambaa. Nimemsalimia, ameitika vizuri sana. Lakini hatengenezi kitu, hauzi kitu, ameketi tu. Anangoja nini?

Kalafati alikohoa. Amini aliangalia ndani ya dele kana kwamba jibu lilikuwa limezama mle.

Gharib: Ni mtu wa umri gani?

Phineas: Ni mtu mzima, mzee. Nilipomwacha alikuwa anafuta vumbi kwenye taa ya gari, polepole, na ncha ya leso yake.

Gharib akaweka kikombe chini. Hakukiweka vizuri, kikapinduka, naye hakugeuka kukiangalia. Akakata kona ya ukuta huku kiatu kimoja kikimvuka. Sisi tukamfuata, nani angebaki? Lakini tulipofika karibu na banda tukasimama nje, migongo tukaigeuza, tukajifanya tunatazama bahari. Makuti ya banda lile hayazuii neno. Tulisikia kila kitu.

Gharib: Hadia. Wafanya nini huku?

Bi Hadia: Nimeketi.

Gharib: Mimi nilidhani hulitaki hata kuliona. Miaka mitatu hujatia mguu humu.

Bi Hadia: Ningeutia wapi? Banda limejaa wanaume tangu alfajiri hata magharibi. Kalafati yuko chini, Stima yuko ndani, mwenye kahawa amekaa mlangoni. Mimi mke wa mtu, nipite yuu ya nani? Leo ndiyo siku ya kwanza naona ndia.

Niliona haya hadi masikioni. Kalafati alikuwa anachora mchangani kwa kidole cha mguu. Stima, ambaye hajawahi kujipunguza popote, alijikunyata kana kwamba angeweza kuenea nyuma yangu. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiri kwamba mlango tunaouziba una mtu anayetaka kupita.

Gharib: Na ukinyamaza nikitaja plagi?

Bi Hadia: Nasikiza. Mtu akisikiza asemeje? Plagi zako ni nne, ya tatu ndiyo hushika masizi. Karbureta yako umeichemshia wapi kama si kwenye sufuria yangu? Nani aloitoa motoni wewe ukiwa msikitini?

Gharib: Na ukiinuka ukenda jikoni, nikitaja breki?

Bi Hadia: Huwa ni saa ya chakula, Gharib. Wewe breki huzitaja wakati wali uko motoni.

Phineas, maskini, alikuwa amesimama nasi na kikapu chake cha samaki, akiangalia mmoja mmoja ili aone kama amekosea watu. Amini alimshika mkono akamtikisia kichwa kwamba hapana.

Gharib: Hadia, mimi nimemwambia mtu wa Ndau aje aitukue mashini. Kwa ajili yako.

Bi Hadia: Kwa ajili yangu umesema na Ndau nzima. Nami nalala ubavuni mwako. Kalafati amepanda, Stima amepanda hadi springi zalia, Amini amepanda na dele lake mkononi. Nawasikia wakiteka kwakwakwa, mimi niko yuu ya dari nikitwanga. Miaka mitatu, Gharib. Hukunambia hata siku moya, panda.

Maji yalikuwa yamekwisha kupwa, na ufuo umelala mweupe hadi Shela bila mtu. Kisha tukasikia mlango wa mbao ukifunguliwa, na Gharib akasema, kwa sauti ya chini ambayo sisi marafiki zake hatukuwahi kuisikia, "Basi ndoo, Hadia. Panda."